Maji Moto, Mafuta ya Ufuta na Tumbo la Mwalimu Agnesi

Nawaona siku hizi, wasichana wa Nachingwea na Ruangwa. Mmefungua vyumba vyenye pazia la shanga na kiti cha kuzunguka, na ukutani mmeandika kwa rangi: skrabu, masaji, huduma ya mzazi. Mmoja wenu alinisugua miguu hivi karibuni bila kunijua. Akanieleza kwa upole kwamba manjano hung'arisha ngozi, nami nikaitikia kama mtu anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Sikutaka kumharibia siku. Lakini nilipotoka nje nilijiambia niandike, maana hiyo mnayoiita huduma ya mzazi mimi niliifanya kabla haijawa na jina wala kiti, na iliniachia uchungu ambao sijaumaliza.

Mzazi, kwetu sisi, ni mwanamke aliyejifungua ambaye bado yuko ndani, hajatimiza arobaini. Kazi yangu ilikuwa kumkanda kwa maji moto, kumpaka mafuta, kumsugua, kumfunga tumbo na kumlaza. Jina langu ni Hadija, lakini kuna vijiji ukimuulizia Hadija hakuna anayemjua. Huko niliitwa Mama Majimoto.

Nitawaambia mambo mengi ya mikono, kwa sababu hayo yatawafaa. Ila mjue tangu sasa kwamba naandika kwa sababu ya sentensi moja. Kuna mwalimu ambaye angeweza kuitamka mbele ya watu ikanirudishia jina langu. Niliisubiri miaka mingi.

Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenitoa, nilichoka tu kutazama dirisha lile lile. Nilikuwa na miguu inayowasha na mdomo unaouliza. Nimepalilia mikorosho ya watu Mandawa, nimewapikia wali wapakiaji wa magunia Ruangwa, nimeuza mabibo, yale matunda ya mkorosho, kwenye beseni mpaka nguo zangu zikashika madoa yasiyotoka. Ndipo nikaangukia Nachingwea, nyumbani kwa mwanamke aliyeitwa Binti Chinguile. Niliingia uani kwake kuomba maji ya kunywa, nikamkuta anakamua mafuta ya ufuta kwa ngumi, nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Ya kumpaka mzazi. Nyamaza au shika kinu." Nikashika kinu. Nilikuja kutoka pale baada ya miaka.

Msidhani alikuwa bibi mpole wa kwenye hadithi. Alikuwa na mdomo mchafu, na akikufundisha jambo alikuwa kama anakupa kitu ambacho ulikuwa umepanga kumwibia. Siku ya kwanza aliniachia sufuria ya maji ya majani ya mpera na mchaichai.

"Maji tayari?" akauliza.

"Tayari."

"Umejuaje?"

"Naona mvuke."

"Kwani utamkanda mvuke?" Akanivuta mkono, akakizamisha kiwiko changu kwenye beseni la maji aliyokwisha kuyachanganya. Nikaruka. "Umeona? Hicho kiganja chako kimegeuza ugali tangu utoto, kimekufa. Ukipimia kiganja utamchemsha mtoto wa watu. Pima na kiwiko."

Kwa hiyo la kwanza ndilo hilo. Pima na kiwiko. Kitambaa kizito cha pamba, kichovye, kikamue, kiweke mgongoni chini kwenye nyonga, ukigandamize kwa kiganja kizima na si kwa ncha za vidole, ukiinue kabla hakijapoa. Nyonga kwanza, kisha mgongo, kisha mabega, maana mabega ndiyo yanayombeba mtoto mchana kutwa. Tumbo mwisho, na polepole. Na mzazi aliyepasuliwa, tumbo lake haliguswi. Mwoshe miguu, mkande mabega, msuke nywele, mshono waachie walioushona. Binti Chinguile, pamoja na ubishi wake wote, hilo hakuwahi kulibishia.

Mafuta, tumia ufuta mweupe. Upete, uoshe, uanike, uukaange kwa moto mdogo mpaka punje zianze kurukaruka, basi. Twanga ungali na joto. Nyunyizia maji ya moto kidogo kidogo huku unakanda kwa ngumi, mafuta yatapanda yenyewe juu. Mara ya kwanza niliunguza ufuta, mafuta yakatoka ya kahawia. Binti Chinguile alininusa mikono akasema, "Nimekuweka hapa ukande wazazi, hukuja kuuza kashata stendi." Mashudu yanayobaki msitupe. Yachanganye na unga wa mchele na manjano kidogo, sugua kwa mviringo miguuni na mikononi. Hiyo ndiyo skrabu mnayonunua kwenye kopo lenye picha ya mzungu.

Lakini kuna jambo moja halimo kwenye makopo. Kabla hajamgusa mzazi, Binti Chinguile alimwambia, "Fumba macho." Nilipomuuliza kwa nini, hakunitukana kama kawaida. Alisema mzazi anachoshwa na macho kuliko kitu kingine. Mchana kutwa anamtazama mtoto kama anapumua, anatazama mlango nani anaingia, anamtazama mume kama amenuna. Akifumba macho, mabega yanashuka yenyewe. Na kweli yalishuka. Kuna waliolia bila sababu, kuna waliokoroma kabla sijafika mgongoni. Neno lile nililichukua likawa langu. Hakuna mzazi niliyemshika bila kumwambia fumba macho.

Nilipoanza kutembea peke yangu, wateja wangu wengi hawakuwa watu wa huku. Mwanamke wa hapa ana mama yake, ana shangazi, ana jirani wa kumchemshia maji. Waliokuwa wapweke ni walimu na manesi waliohamishiwa huku kutoka mbali, na wake za wafanyabiashara. Anajifungua, mumewe anampelekea uji uliomwagika nusu, halafu wanabaki kutazamana. Mimi nikawa mama wa kukodi. Na kwa kuwa nilipenda kuuliza, kila niliyemkanda alinilipa na kitu cha kwao. Mwanamke wa Kimakua ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji alinionyesha mzizi mweupe wanaousaga kwenye jiwe kwa maji na kujipaka usoni, uso unabaki kama umepakwa chokaa, ukiosha jioni ngozi ni laini kama ya mtoto. Nesi wa Tanga alinipa kipande cha liwa, mti wa kunukia, na jiwe lake, akanikaripia kwa kukisaga kama nasaga mtama.

Nesi huyo huyo ndiye aliyenifunza kuhusu manjano. Nilimpaka mke wa karani mmoja manjano mwili mzima, akang'aa, akamkumbatia mwanawe mchanga, wakalala. Asubuhi nikawasindikiza kliniki. Nesi akamfunua mtoto, akashtuka, ngozi ya njano kuanzia shavuni mpaka kwenye mapaja. Alidhani ni ugonjwa wa manjano, alikwishaanza kuita wenzake. Halafu akalowesha kidole gumba, akasugua, njano ikatoka. Akaniita mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi.

"Mama Majimoto, huyu mtoto unataka nimtibu au nimpikie pilau?"

Benchi zima lilicheka. Nilicheka na mimi. Tangu hapo manjano nilikuwa nayaosha yote kabla mama hajamshika mtoto. Nawaambia hili mjue kwamba kulikuwa na wakati watu walinicheka kwa kunipenda.

Mwalimu Agnesi alikuja kufundisha Mandawa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kwao ni Rombo, Kilimanjaro. Mumewe naye wa huko huko, alikuwa na duka la vyombo na vitenge Nachingwea, akija Mandawa siku za mapumziko. Agnesi alikuwa na umri kama wangu, mwembamba, mcheshi, na alipojifungua binti yake wa kwanza, Renata, hakuwa na ndugu hata mmoja karibu. Alipoona beseni langu siku ya kwanza akaniuliza, "Dada Hadija, haya maji ni ya kunikanda au ya kuninyonyoa kama kuku?"

"Ya kukunyonyoa. Fumba macho."

Tulizoeana. Alinihadithia kuhusu mtori, supu ya ndizi na nyama ambayo kwao mzazi hunyweshwa mpaka anenepe. Nikatafuta ndizi mbichi bondeni, nikaziponda na nyama ya mbuzi. Alionja, machozi yakamtoka, akasema, "Si mtori, lakini sijui ni nini, na naomba uongeze." Mpaka leo nikipita kwenye shamba la migomba namkumbuka mtu yule wa siku ile, si yule aliyekuja baadaye.

Kitu kilichomsumbua ni michirizi ya tumboni. Alikuwa akijifunua na kujitazama.

"Nimekuwa pundamilia."

"Itafifia, Mwalimu. Haifutiki yote, ila itafifia."

"Hakuna dawa kabisa?"

"Atakayekuambia ipo, mwogope."

Mazungumzo hayo aliyasikia wifi yake, Filomena, dada wa mumewe. Alikuwa amefika kutoka Rombo. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, akatumwa yeye kumhudumia mzazi, maana kwao hiyo ni kazi ya upande wa mume. Alisafiri njia yote ile, akafika na kumkuta mwanamke asiyemjua amepiga magoti ameshika tumbo la mke wa kaka yake.

"Huyu ndiye mganga wako?" akauliza.

"Ni mkandaji, wifi," Agnesi akajibu. "Si mganga."

"Kwetu mzazi anashikwa na watu wake."

Nilimwelewa. Hata mimi ningesafiri hivyo nikakuta kazi yangu imechukuliwa, ningenuna. Nikamwambia, "Karibu, dada, tushike wote." Hakushika. Alikaa mlangoni akinitazama mikono, na kila nilipomwambia Agnesi fumba macho, aliguna.

Ilikuwa msimu wa korosho. Ninyi mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya wageni walio kati yenu. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi. Wanawake wanaobangua hujipaka majivu mikononi kwanza. Mafuta hayo tunapaka nguzo za nyumba ili mchwa wasile. Na kuna watu wazima wenye magaga kisiginoni, ngozi imekuwa gome, wanadondoshea tone, gome linatoka. Kisiginoni tu. Hata mtoto anayetambaa huku anajua asiguse mafuta ya ganda. Ila Rombo hawana mikorosho.

Jirani wa Agnesi alikuwa anakaanga korosho uani kwenye bati la pipa. Ndiye aliyenisimulia baadaye, akilia kwa sababu mbele ya watu aliogopa kusema. Filomena alisimama pale kwa muda mrefu, akamwona akijidondoshea kisiginoni, akauliza, "Hayo yanasaidia nini?"

"Yanatoa ngozi mbaya, inakuja mpya."

"Nigawie kidogo."

Jirani akamwekea kwenye kikopo cha mafuta ya mgando. Alidhani mgeni ana magaga. Nani angefikiria tumbo?

Mimi nilikuwa nimekwenda Chunyu kutafuta ufuta. Niliporudi kesho yake nilisikia sauti kabla sijafika mlangoni. Agnesi alikuwa chali ameuma khanga. Kuanzia kitovuni kushuka, kila palipokuwa na michirizi, ngozi ilikuwa imejaa malengelenge, na katikati pameiva pekundu. Harufu ya mafuta ya ganda haijifichi. Nikauliza, "Nani amefanya hivi?"

Filomena akajibu, "Wewe. Mafuta yako hayo."

Nilimtazama Agnesi. Alikuwa amegeuzia uso ukutani. Nilidhani ni maumivu.

Walimpeleka zahanati, akafungwa vidonda. Mumewe alifika na pikipiki ya kuazima, amekasirika kiasi cha kutoweza kusalimia. Jioni tukaitwa uani pale pale: mwenyekiti wa kijiji kwenye kiti, majirani wamesimama, Agnesi ameegeshwa kwenye mkeka na mito, mumewe nyuma yake. Filomena alikuwa amempakata mtoto.

Filomena alieleza kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikilishika tumbo lile kila siku, na kwamba nilimwachia mzazi mafuta nikatoroka kwenda Chunyu. Alieleza vizuri. Kisha nikapewa nafasi. Nilinyoosha mikono.

"Nitazameni mikono. Mafuta ya ganda hayaondoki kwa sabuni, ninyi wote mnajua. Aliyeyashika ana vidole vyeusi."

Macho yote yalikwenda kwenye nguo za mtoto. Pale juu ya kitambaa cheupe vidole vya Filomena vilikuwa wazi, vyeusi kuzunguka kucha, na ncha zimeanza kumenyeka. Alikuwa amejiunguza na yeye. Aliviingiza chini ya kitambaa, lakini vilikwishaonekana.

Mwenyekiti akakohoa. "Mgeni hatuwezi kumkagua mikono kama mwizi. Mwenye tumbo yupo. Mwalimu, tuambie mwenyewe. Nani alikupaka?"

Agnesi alimtazama mumewe. Akamtazama wifi yake. Akamtazama mtoto aliye mikononi mwa wifi yake. Mimi nilikuwa mbele yake kabisa, na mimi hakunitazama.

"Sikuona," alisema. "Nilikuwa nimefumba macho."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko jina la mama yangu. Neno langu, nililomfundisha mimi ili apumzike, ndilo alilonipigia. Na halikuwa la uongo kabisa, labda kweli alikuwa amefumba. Lakini mwanamke aliyekandwa kila siku anazijua sauti, anazijua harufu, anaijua mikono. Aliijua yangu.

Nimeelewa kwa nini. Msinieleze. Alikuwa mke mpya, ndugu wote wa mume wako nyuma ya huyo wifi, na yeye huku hana hata binamu. Angemtaja Filomena, habari zingefika Rombo kabla yake, na ndoa ingeanza kuchanika. Kumwacha Hadija aanguke kulikuwa rahisi, maana Hadija hana ukoo wa kugombana na mtu. Nimeelewa. Kuelewa hakukunirudishia mzazi hata mmoja.

Mwenyekiti aliamua kwamba nipumzike kazi ile pale kijijini. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani, akasema kwa sauti ya chini, "Vidole niliviona."

"Basi rudi ukaseme."

"Dada yangu, shule ina walimu wachache. Mume akimhamisha yule, watoto watabaki na ubao."

"Sawa. Akiwafundisha kuandika, awafundishe na kutazama."

Akacheka kidogo, kwa aibu, akarudi. Nilikwenda na beseni langu kichwani.

Zamani nilihama kwa sababu miguu iliniwasha. Baada ya pale nilihama kwa sababu watu walinitazama mikono. Nilikwenda Chunyu, habari ikawa imenitangulia, na imenenepa njiani: sasa nilikuwa nimeua mtoto. Kule Malolo mama mmoja alinipokea vizuri, nilipofungua chupa akamwita dada yake amtoe mtoto chumbani. Mume mwingine aliniambia ninywe mafuta yangu kwanza, naye akasimama kuhakikisha. Nikanywa funda. Mafuta ya ufuta si mabaya kunywa. Kibaya ni kusimamiwa.

Kutoka hapo ndipo nilipopata utaratibu ambao wengine mmeuona kwangu mkadhani ni mbwembwe. Nikifika nyumba ya mzazi, nauliza ni nani mwingine anayempaka, na anampaka nini. Namimina mafuta ndani ya mkono wangu mwenyewe, pale palipo na ngozi laini, mbele ya watu wa nyumba, nakaa nayo mpaka tunamaliza kuchemsha maji. Nikiondoka naondoka na chupa, hata kama imebaki tone. Hizo si mbwembwe. Ni ushahidi wa mtu aliyewahi kukosa shahidi. Ufanyeni na ninyi, hata kama hamjawahi kusingiziwa.

Nilirudi Nachingwea kwa Binti Chinguile. Alikuwa amezeeka, anakaa kwenye kigoda cha jikoni. Nikamweleza yote.

"Ulimuunguza?"

"Hapana."

"Basi kanda."

"Hakuna anayenipa tumbo."

"Kanda miguu."

Nikakanda miguu. Akina mama wa sokoni, waliosimama kutwa, waliniruhusu miguu. Miaka michache baadaye Binti Chinguile alifariki. Nilikuwa nimewasha moto ili nichemshe maji ya kumwoshea, mwanamke mmoja akasema kwa adabu kabisa kwamba ni heri maji hayo ayachemshe mtu mwingine. Nikampisha. Moto nilikuwa nimeuwasha mimi.

Agnesi nilikutana naye mara moja sokoni Ruangwa. Alikuwa anachagua nyanya. Akageuka tukawa uso kwa uso.

"Habari za siku nyingi, Dada Hadija."

"Nzuri. Tumbo?"

"Limepona. Makovu tu."

"Na jina langu, Mwalimu?"

Aligeuza nyanya moja mkononi, akaikagua pande zote. "Nyanya za siku hizi zinaoza upesi," akasema. Akaweka nyanya chini, akaondoka bila kununua.

Miaka ikapita. Wazazi wakaanza kujifungulia hospitali zaidi na kurudi na losheni kwenye mifuko, redio zikaanza kutangaza sabuni za kung'arisha, na mimi nikabaki kuuza mafuta ya ufuta kwenye chupa za maji hapa Nachingwea. Nilishaacha kukanda. Miaka ya elfu mbili ilikuwa inaelekea ukingoni ndipo siku moja mchana kijana wa pikipiki alisimama mbele ya kibanda changu akaniuliza kama mimi ndiye Mama Majimoto. Nikamwambia alishakufa. Akasema, "Basi bibi, huyo aliyekufa anaitwa na Mwalimu Agnesi. Binti yake amejifungua."

Ningekataa. Nilipanda kwa sababu moja. Nilikuwa nimesikia kwamba mumewe alifariki, na Filomena alirudi Rombo zamani. Hakukuwa tena na mtu wa kumwogopa. Nilijiambia ameniita ili aseme.

Nilimkuta mlangoni. Nywele zimeota mvi mbele, miwani imening'inia kifuani. "Karibu, Dada Hadija," akasema, akanipokea beseni. Akanionyesha chumba, akaenda jikoni kuchemsha maji.

Kitandani alikuwapo Renata. Yule yule wa kwenye kitambaa cheupe, sasa msichana mwenye uso wa mama yake wa zamani, na mtoto wake amelala ubavuni. Alipata mimba kabla hajamaliza sekondari, na kijana aliyempa mimba na ndugu zake wakakana. Hakukuwa na wifi wala mama mkwe wa kuja. Nilimuuliza kama alipasuliwa, akasema hapana. Nikauliza nani mwingine anampaka, akasema hakuna. Nikajimiminia mafuta mkononi, nikakaa kitini kusubiri. Alikuwa akinitazama.

"Bibi, mama alinikataza nisikuulize, lakini nauliza. Ni kweli wewe ndiye uliyemuunguza mama tumbo?"

"Nani alikuambia?"

"Nyumbani wote tunajua. Shangazi Filo alikuwa anasimulia kila Krismasi tulipokwenda Rombo."

"Na mama yako akisema nini?"

"Hasemi kitu."

"Sasa umekubalije nikushike?"

Akamrekebisha mtoto. "Nilikataa. Nilimwambia, mama, si ndiye yule? Akasema, ndiye, mfuateni, hakuna mwingine nitakayemwachia mwanangu."

Nilisikia beseni likitua sakafuni. Agnesi alikuwa amesimama ndani ya mlango. Alikuwa amesikia. Tulikuwa watatu tu na mtoto, mlango umefungwa, mume yuko kaburini, wifi yuko Rombo. Nikageuka nikamtazama, nikasema neno moja tu.

"Mwalimu."

Mdomo wake ulifunguka. Nilihesabu pumzi zangu kama msichana anayesubiri jina lake lisomwe. Kisha akainama, akakunja mkono wa gauni, akachovya kiwiko ndani ya maji.

"Bado ya moto," akasema. "Tusubiri kidogo."

Kiwiko. Nilimfundisha mimi.

Tukasubiri. Maji yakafika joto lake. Nikachovya kitambaa, nikakikamua, nikapiga magoti kando ya kitanda kama nilivyopiga magoti kwa mama yake. Renata akafumba macho mwenyewe, nadhani alishaelezwa kwamba hivyo ndivyo inavyoanza.

"Fumbua, mwanangu," nikamwambia. "Leo usifumbe. Tazama mikono yangu."

Akafumbua. Alitazama nyonga mpaka mabega, mabega mpaka tumbo, hakupepesa. Mama yake ndiye aliyegeukia ukutani.